Tusiudharau Waya



Katika vibanda vya Tchomia, karibu na bandari ya wavuvi, vipokea sauti vya masikioni vinavyotumiwa na simu huuzwa vya namna mbili. Namna ya kwanza ina waya unaochomekwa kwenye tundu la simu. Namna ya pili haina waya: ni vipande viwili vidogo vinavyolazwa ndani ya kisanduku chenye bataria, navyo huungana na simu kwa njia ya Bluetooth. Kwa jina la sokoni vyote huitwa ekutere, lakini vijana wetu wamekwisha kuvipangia daraja. Aliyevaa waya huhesabiwa kuwa mtu wa jana, na asiye na waya ndiye mtu wa leo.

Tunaona vema kulijadili jambo hili, ijapokuwa kwa kulitazama ni dogo. Maoni yetu tunayatoa mapema ili msomaji ajue tunakoelekea. Kwa mtu anayeishi hapa ukingoni mwa Ziwa Albert, mwenye simu moja, umeme wa kubahatisha na fedha ya kuhesabu, kipokea sauti cha waya ndicho cha kununuliwa kwanza. Kisicho na waya ni kizuri, nasi tutazitaja fadhila zake bila kuzipunguza, lakini ni cha pili. Wala sababu kubwa ya kusema hivyo haiko katika bei. Sababu kubwa ni redio.

Wengi hawajui kwamba waya ule hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Huleta sauti masikioni, na papo hapo ndio antena ya redio ya simu. Redio za FM hurusha matangazo kwa mawimbi ya megahezi 87.5 hadi 108, na urefu wa wimbi moja la namna hiyo ni karibu mita 3. Ili kulinasa vizuri, mafundi hupenda antena yenye robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Ndani ya simu hamna nafasi ya kutosha ya antena ya kadiri hiyo. Watengenezaji waliona kwamba mtumiaji tayari anauning'iniza waya wa karibu mita moja kutoka sikioni hadi mfukoni, wakautumia huo huo. Ndiyo maana simu nyingi za bei nafuu, kama zile za Tecno na itel zilizoenea katika nchi zetu, zina programu ya redio, lakini ukiifungua bila kuchomeka waya, simu hukuandikia maneno ya kukutaka uuchomeke kwanza. Mwenye Bluetooth peke yake huyasoma maneno hayo na safari yake ikaishia hapo. Zipo simu chache zilizotiwa antena ndani yake, na zipo nyingine, kama iPhone, ambazo hazimpi mtumiaji redio ya FM hata kidogo.

Kwetu antena ni muhimu kuliko kwa wengi. Mawimbi ya FM hupenda njia iliyonyooka. Bunia iko juu katika nyanda, nasi tuko chini ya milima, takriban kilomita 60 kutoka huko, kando ya maji. Mwenye kutaka kuzisikia redio za Bunia, au hata za ng'ambo ya ziwa, yampasa aunyoshe waya wake, augeuzegeuze, pengine autundike ukutani, mpaka sauti itulie. Tena ukishauchomeka waya, programu nyingi za redio hukuruhusu kuitoa sauti kwa kipaza cha simu yenyewe. Hapo waya umekuwa antena tupu, na simu ya mtu mmoja imekuwa redio ya nyumba nzima: bibi anasikia, watoto wanasikia, na jirani aliyeketi barazani anasikia.

Mtu atasema kwamba redio hupatikana pia kwa intaneti. Ni kweli, ila kwa malipo. Matangazo ya sauti ya kiwango cha wastani, yaani kilobiti 64 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 29 kwa saa moja. Anayesikiliza saa mbili kila siku atakuwa ametumia zaidi ya megabaiti 1,700 mwezi utakapokwisha, naye anajua mwenyewe anavyozipata mega kwa kujinyima. FM haidai hata moja. Tena intaneti ina mlango unaoweza kufungwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa katika nchi yetu yote, ikarudishwa Januari 2019 baada ya karibu wiki tatu. Katika majuma hayo programu ya kusikilizia redio kwa intaneti ilikuwa picha tu juu ya kioo cha simu.

Hayo hayangekuwa na uzito mkubwa kama redio kwetu ingekuwa ya muziki na mpira peke yake. Lakini msomaji wa Ituri anajua tuliyoyapitia. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wa jimbo letu walivuka ziwa hili kwa mitumbwi wakiikimbia vita, wakaingia Uganda, wengi wao wakipokelewa upande wa Hoima. Mwaka huo huo, tarehe 1 Agosti, mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, na mwezi wa Septemba ugonjwa ukathibitishwa hapa hapa Tchomia. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Katika nyakati kama hizo kila nyumba huuliza maswali yale yale. Njia ya kwenda Bunia inapitika? Soko litafunguliwa? Chanjo inatolewa wapi, na yale yanayosemwa juu yake ni kweli? Uvumi hupita kwa sauti zinazorushwa kutoka simu hadi simu, na hakuna ajuaye nani alikuwa wa kwanza kusema. Redio ina jina, ina mtangazaji anayejulikana, na ikikosea kuna mahali pa kwenda kuiuliza. Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002 na yenye kituo chake Bunia, husema kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Redio za jamii zilizo ndogo kuliko hiyo hufanya kazi hiyo hiyo kwa kadiri ya nguvu zao. Wazee walisema sikio halilali na njaa. Lisipopewa habari ya kweli, litashiba uvumi.

Basi kijana anapoutupa waya kwa sababu umepitwa na wakati, yafaa ajue kwamba pamoja na waya ameitupa redio yake.

Sababu ya pili ni umeme. Kipokea sauti cha waya hakina bataria. Nguvu kidogo kinayoihitaji hukipata kwenye simu, na siku zote kiko tayari. Kisicho na waya kina bataria tatu: moja katika kila sikio na ya tatu ndani ya kisanduku. Kwa wengi wetu umeme ni wa sola, wa nyumbani au wa kibanda cha kuchajia ambako kila kifaa hulipiwa. Ukiongeza kifaa umeongeza malipo, na siku ya mawingu mazito umeongeza wasiwasi. Isitoshe, bataria za namna hiyo huchakaa. Kila zinapochajiwa na kutumika hupoteza sehemu ndogo ya uwezo wake, na joto, ambalo hapa ziwani hatulikosi, huzizeesha upesi. Zilizokaa saa nne zikiwa mpya, baada ya miaka miwili au mitatu hazitafika mbali, na moja itazimika kabla ya mwenzake. Vifaa vingi vya namna hii vimebandikwa kwa gundi, na fundi akivifungua amevivunja.

Hapo ndipo tunapofikia sababu ya tatu, nayo ni kutengenezeka. Waya pia hukatika, tena mara nyingi, na kwa kawaida hukatikia karibu na kichwa cha kuchomekea au pale unapogawanyika kuelekea masikio mawili. Lakini fundi wa simu anajua la kufanya. Huukata palipoharibika, huunguza kwa uangalifu rangi nyembamba inayofunika nyuzi za ndani, kwa maana bila kuiondoa umeme haupiti, kisha huzilehemu nyuzi hizo kwenye kichwa kipya: moja ya sikio la kushoto, moja ya kulia, moja ya maikrofoni na moja inayotumiwa na zote. Ni kazi ya muda mfupi, na fedha inayolipwa hubaki kijijini. Hatusemi kwamba kila waya unastahili kutengenezwa. Vipo vya bei ya chini mno ambavyo havimalizi mwezi, navyo vimewafanya watu wengi waichukie aina yote kwa makosa ya vibaya wake. Rahisi ni ghali, na hilo ni kweli kwa waya na kwa visivyo na waya pia.

Tuongeze jambo moja linaloihusu nchi yetu. Waya wa kipokea sauti ni wa shaba, na shaba ni ya Katanga, jimbo la zamani ambalo tangu 1971 hadi 1997 liliitwa kwa jina hilo hilo la Shaba. Bataria nyingi za vifaa vidogo zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa katika migodi ya upande wa Kolwezi. Kwa hiyo, lolote tutakalochagua, tunavaa masikioni kitu kilichotoka katika ardhi yetu kwa jasho la ndugu zetu, kikasafiri ng'ambo na kuturudia kwa bei. Hilo halimpi mmoja ushindi juu ya mwenzake. Linatufundisha tu kwamba kitu cha namna hiyo hakifai kutupwa baada ya mwaka mmoja. Bataria iliyokufa kwetu huishia jalalani, mvua ikinyesha huchukuliwa na maji, na maji yote ya hapa huteremkia ziwani, tunakovua samaki.

Sasa tuwape haki wapendao visivyo na waya, maana nao wana hoja. Mama aliyembeba mtoto mgongoni anajua jinsi mkono mdogo unavyouvuta waya. Mshona nyavu, fundi seremala na mpakuzi wa magunia bandarini hukwamisha waya wao kwenye kila kitu. Jasho na maji huliharibu tundu la simu. Mvuvi ana hoja iliyo bora kuliko zote: akiwa majini anaweza kuifunga simu yake ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji, akapokea mwito wa nyumbani bila kuutoa mkono kwenye kasia, kwa kuwa Bluetooth huifikia simu iliyo karibu hata ikiwa imefunikwa. Na wapo walionunua simu isiyo na tundu kabisa. Hao hawakuchagua, walichaguliwa.

Kuchaguliwa huko kuna historia yake. Tundu la kuchomekea tunalolijua, lenye upana wa milimita 3.5, ni mjukuu wa lile lililotumiwa katika vituo vya simu vya karne ya 19, ambako wafanyakazi waliunganisha wasemaji kwa kuchomeka na kuchomoa nyaya. Kwa miaka mingi lilikuwa mali ya wote: kipokea sauti chochote kiliingia katika redio yoyote na simu yoyote, bila kuuliza ni ya kampuni gani. Mwezi wa Septemba 2016 Apple ilitoa iPhone 7 isiyo na tundu hilo, na Desemba ya mwaka huo ikaanza kuuza AirPods, vipokea sauti vyake visivyo na waya. Makampuni mengine yalifuata, hasa katika simu za bei kubwa. Hatulaumu. Uamuzi huo ulifanywa California, mbele ya watu wenye umeme katika kila ukuta na intaneti isiyokatika, na kwao huenda ulifaa. Kosa linaanza pale sisi tunapoupokea kana kwamba umefanywa kwa ajili ya Tchomia, na kumcheka jirani ambaye hajaupokea.

Imebaki hoja moja, nayo haimhusu mwenye kifaa peke yake. Waya huonekana. Mzee anayekutana na kijana njiani akiona waya umening'inia, anajua kwamba masikio yake yako mahali pengine. Atampungia mkono, au atangoja. Kisicho na waya hufichika chini ya kofia, chini ya kitambaa, chini ya nywele. Mzee atasalimu na hatajibiwa, naye ataondoka na neno moyoni juu ya kijana ambaye hakukusudia kumdharau. Katika desturi zetu salamu ni deni, na asiyeilipa huhesabiwa kuwa amekataa kulipa. Mama ataita mara tatu. Katika mkutano wa kijiji, au hata katika ibada, mtu atakuwa ameketi kati yetu bila kuwa pamoja nasi, wala hakuna atakayejua. Inasemekana Bluetooth ilipewa jina la Harald, mfalme wa kale wa Denmark, kwa kuwa aliwaunganisha watu waliotengana. Yafaa basi chombo chenye jina lake kisitutenge na walio karibu.

Masikio yaliyozibwa yana hatari nyingine pia. Barabara yetu ni nyembamba na pikipiki ni nyingi. Injini ya boti haimngoji aliye majini. Na katika jimbo hili watu wengi wameokolewa na sauti tu: jirani aliyepiga kelele usiku, mbwa waliobweka, mtoto aliyekuja mbio akiita. Hili halitofautishi waya na kisicho na waya, nasi tunalisema kwa wote: unapotembea njiani, unapoendesha na linapoingia giza, acha sikio moja wazi.

Na sauti yenyewe ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wamo katika hatari ya kuharibu masikio yao kwa kusikiliza kwa sauti kubwa mno. Kipimo linachokitoa ni rahisi kukikumbuka: sauti ya desibeli 80 inavumilika saa 40 kwa juma, ikifika desibeli 90, saa hizo 40 hushuka na kuwa 4. Anayeiongeza sauti ili aishinde injini ya boti au ya mashine ya kusaga, huziunguza saa zake za juma zima katika alasiri moja. Sikio lililoharibika kwa njia hiyo haliponi, wala hakuna fundi wa kulilehemu.

Tuseme basi kwa ufupi lile tunalolipendekeza. Unaponunua simu, uliza kama ina tundu na redio ya FM kabla ya kuuliza juu ya kamera. Unaponunua kipokea sauti cha waya, kijaribu papo hapo kibandani: kichomeke, fungua redio, kisha ukunje waya taratibu karibu na kichwa, sauti ikikatika, mrudishie mwenye duka. Ukikihifadhi, kikunje kwa duara pana, wala usikikazie kuizunguka simu, kwa maana hapo ndipo nyuzi hukatikia. Ukiwa na uwezo, ongeza kisicho na waya kwa ajili ya kazi na safari za majini. Na hata kama unacho hicho cha pili na unakipenda, uweke waya mmoja nyumbani, mahali wote wanapopajua, pamoja na tochi na kiberiti. Utafika usiku ambapo nyumba nzima itataka kujua kinachotokea, na mega zitakuwa zimekwisha.

Kwa wazazi tuna neno moja zaidi. Kijana anayeona haya kwa sababu ya waya wake hasaidiwi kwa kukemewa. Aonyeshwe. Mketi naye jioni, mchomeke waya, mtafute pamoja sauti ya Bunia kati ya mikwaruzo, na aachwe yeye mwenyewe ausogeze huku na huku mpaka mtangazaji asikike waziwazi. Akishajua kwamba waya ule unaileta habari nyumbani bila malipo na bila umeme wa ziada, ataacha kuuona kuwa alama ya umaskini.